Nani Kaifunga Mbingu Kufuli?

Nimechoka kuambiwa kwamba dishi limekufa. Naambiwa na watu wenye akili zao, wahariri na waandishi wenzangu, tukiwa kwenye chai ya saa nne. "Bado unahangaika na madishi, kaka? Kila kitu si kipo kwenye simu?" Mmoja aliniuliza kama nina mpango wa kufungua kituo cha kurusha matangazo. Eti mtu mzima, ana digrii, anakaa Kibaha na madishi manne nyumbani, na matatu kati ya hayo hayana kadi wala kifurushi.

Makala haya ni jibu kwao, ila ugomvi wangu hasa si nao. Ugomvi wangu ni na wazo lililotuingia taratibu tangu analojia izimwe, kwamba kutazama televisheni ya nchi yako ni kitu cha kununua kwa mwezi, kama umeme wa LUKU: pesa ikiisha, giza. Wazo hilo limezoeleka kiasi kwamba ukilihoji unaonekana bahili.

Nianze na madishi yenyewe, maana wengi wanaoyacheka hawajawahi kushika spana. La kwanza ni la futi sita, bendi ya C, limesimama uani kwenye bomba la chuma lililozamishwa kwenye zege. Linatazama setilaiti iliyoko longitudo 68.5 mashariki. La pili ni dogo, sentimita 90, liko ukutani na linatazama digrii 7 mashariki, ambayo kwa sisi wa Kibaha iko upande wa machweo. La tatu ndilo la kulipia. Linatazama digrii 36, karibu utosini, na ninalilipia bila kinyongo kwa sababu ya mpira. La nne ni la futi nane, la mtumba, nilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Hilo halina makazi, ni la kuwindia. Jumamosi nalizungusha polepole kutoka upeo mmoja wa anga hadi mwingine, nasaka kilicho wazi.

Kuyatunza ni kazi, nisidanganye. Bomba likiinama kidogo tu, hata jicho lisione, umeshapoteza. Kosa la digrii moja hapa uani, kule juu ni zaidi ya kilomita 600, na kwa dishi la futi nane hiyo inatosha kudhoofisha mawimbi unayopokea. Kwa hiyo kabla ya yote ni pimamaji, bomba lisimame wima, ndipo uanze kuzungumzia dishi. Baada ya masika nazipitia nati zote, naweka grisi, nakagua kutu kwenye mkono unaoshika LNB. Koneta zikiingiwa na maji waya unaoza kutoka ndani, na fundi asiyejua atakuuzia king'amuzi kipya. Dawa yake ni tepu ya mpira, na kuuacha waya uning'inie kitanzi kidogo chini ya koneta ili maji yadondokee hapo badala ya kuingia. Nyigu wanapenda sana mdomo wa LNB. Ule mfuniko wa plastiki ukipasuka tu, wiki ijayo kuna kiota cha udongo ndani na nusu ya chaneli zimetoweka. Majani ya mkorosho nayo ni adui: mti uliokuwa mdogo ulipofunga dishi, baada ya miaka mitatu umefunika setilaiti nzima, na kwenye TV unaona chenga tu usijue zimetoka wapi.

Halafu kuna jua. Kila Machi na kila Septemba, kwa siku kadhaa, jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti ukilitazama kutoka hapa. Dishi linameza kelele za jua, picha inapotea dakika chache, kisha inarudi yenyewe. Dishi langu la mashariki linazimika saa nne asubuhi hivi, la magharibi linazimika karibu na saa tisa alasiri. Mafundi kadhaa mjini hapa wameshalipwa pesa kwa kosa la jua.

Na yapo ambayo spana haiyafikii. Novemba 2015 setilaiti ya AMOS-5, iliyokuwa digrii 17 ikihudumia Afrika, ilinyamaza ghafla na haikuamka tena. Oktoba 2024 Intelsat 33e, digrii 60, ilivunjika vipandevipande hukohuko juu. Mwenye dishi moja lililoelekea huko aliamka asubuhi hana kitu. Ndiyo maana tuna madishi mengi. Mkulima wa Kisarawe hapandi mihogo peke yake, anaweka na mikorosho, na minazi miwili mitatu, na maembe. Huo mbona hatuuiti ushamba?

Nimekuwa nikisema dishi, lakini neno ninalolipenda ni ungo. Ni neno la watu wenyewe. Waliona kitu cha duara, kimebonyea, kinachoelekezwa juu, wakasema huu ungo. Na kila mtoto wa Pwani anajua nani mwingine anautumia ungo kwa safari za angani usiku, kwa hiyo jirani anayekuona juu ya paa na ungo saa tatu usiku, na tochi mdomoni, ana haki ya kuuliza maswali. Vilevile na king'amuzi. Siku hizi taarifa rasmi zinasema kisimbuzi, neno sahihi kabisa, la kusimbua. Lakini lililotangulia lilitoka kwenye kung'amua, kutambua jambo lililofichika, na mimi hilo ndilo linaloniuma: tulipewa chombo cha kung'amua, tukakigeuza mlango wa kulipia kiingilio.

Tuje kwenye mbingu yenyewe. Oktoba 1945 Arthur C. Clarke, yuleyule wa riwaya za sayansi, alichapisha makala kwenye jarida la Wireless World la Uingereza. Alisema ukiweka chombo juu ya ikweta kwa umbali fulani, ambao leo tunaupima kuwa kilomita 35,786, kitazunguka sambamba na dunia na mtu wa chini atakiona kimesimama palepale. Vitatu tu vingetosha kuifikia karibu dunia yote. Alikuwa anafikiria matangazo kwa wote. Hakuandika popote kuhusu kifurushi.

Mstari huo mmoja juu ya ikweta ndio wenye nafasi zote za setilaiti ambazo madishi yetu yanatazama. Na ikweta inapita wapi? Desemba 1976 nchi kadhaa za ikweta zilikutana Bogotá, Colombia, zikatoa tamko kwamba kipande cha mstari huo kilicho juu ya ardhi yao ni mali yao. Kenya ilikuwemo, Uganda ilikuwemo, Zaire ilikuwemo. Mataifa makubwa yaliwajibu kwa mkataba wa anga za juu wa 1967, unaosema hakuna nchi inayoweza kudai kumiliki anga hizo. Kisheria walishindwa. Ila sijawahi kuwaona kama wendawazimu. Chukua ramani: longitudo 36 mashariki inakata ikweta jirani kabisa na Nakuru. Setilaiti ambayo dishi langu la kulipia linaitazama imening'inia juu ya Bonde la Ufa, na mwenye nayo ni kampuni ya Eutelsat yenye makao Paris. Mimi wa Kibaha nikitaka kuona mechi, picha inatoka chini, inapanda hadi juu ya Nakuru, inateremka uani kwangu ikiwa imefungwa kufuli, nami nanunua ufunguo wa siku 30.

Sisemi twende tukaiteke setilaiti. Wala sisemi kulipia ni dhambi. Aliyenunua haki za ligi kwa mabilioni ana haki ya kuzirudisha, na ligi yetu yenyewe imefaidika. Ninachosema ni kwamba kuna vitu viwili tumevichanganya: burudani ambayo mtu anachagua kuinunua, na sauti ya nchi inayozungumza na watu wake. Hiki cha pili hakiuzwi. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi na masuala muhimu kwa jamii. Imeandikwa wakati wote. Haikuandikwa mpaka tarehe ya mwisho wa kifurushi.

Tumewahi kulielewa hilo. Mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, Radio Tanzania iliwafikia watu wapatao milioni mbili vijijini, waliokaa kwenye vikundi kuzunguka redio moja, wakasikiliza somo, wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo. Ulihitaji redio na betri, basi. Hakuna mtu aliyekatiwa somo kwa sababu hakulipia mwezi. Televisheni Bara tuliichelewesha sana, mpaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini. Lakini ilipokuja ilikuja wazi, mlingoti wa mti na antena, ukikosa antena unabandika mfuniko wa sufuria na picha inatoka.

Tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ikazima analojia, ya kwanza Afrika Mashariki. Tulisifiwa sana. Masafa ni rasilimali, dijitali inayatumia vizuri zaidi, sina ubishi. Na ahadi ilikuwa kwamba chaneli za ndani zitabaki bure hata kama hujalipia kitu. Mjini, kwa antena, ahadi hiyo ina nyama kiasi chake. Shida ni kwamba matangazo ya antena yanataka kuuona mnara. Ukitoka Kisarawe mjini, pale kwenye kilima, ukateremka kuelekea Maneromango, ardhi inapanda na kushuka, misitu na mabonde, na mawimbi hayapindi kona. Huko mtu anatazama kwa dishi au hatazami.

Sasa kumbuka Agosti 2018. ITV, Channel Ten, EATV, Star TV na Clouds TV ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilishikilia kwamba leseni za kampuni hizo ni za chaneli za kulipia, hivyo haziruhusiwi kubeba zile za bure. Ukiisoma kama mwanasheria hoja ilikuwa na mantiki: kwa nini mtu alipishwe kitu cha bure? Ukiisoma kama mtu wa Kisarawe, maana yake ilikuwa moja. Chaneli zile zilikuwa bure, naye alikuwa hawezi kuzipata. Aliyekuwa anazipata kwa kulipa akaambiwa asilipe, na njia ya kuzipata bila kulipa haikuwepo alipo. Leo nyingi zimerudi kwenye ving'amuzi hivyo. Zimerudi kwenye mlango uleule wa kiingilio.

Baba yangu mdogo anaishi Masaki. Si ile Masaki ya Dar yenye balozi na migahawa ya kahawa, ni Masaki ya Kisarawe, yenye mikorosho. Alikuwa na king'amuzi cha kulipia cha kampuni moja ambayo sina haja ya kuitaja. Kifurushi kikiisha, skrini inabaki na maandishi ya kumkumbusha alipe. Nilikuwa nikimkuta ameiwasha hivyohivyo, maandishi yanamtazama, naye anafuma jamvi. Pesa ya korosho inaingia kwa msimu, mara moja kwa mwaka. Bili inakuja mara kumi na mbili. Hesabu hiyo haiwezi kukaa sawa hata ukiwa na nidhamu ya mtawa.

Nikampelekea dishi la futi sita, tukalipakia kwenye kirikuu na mfuko mmoja wa saruji.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea karai?"

Tulichimba shimo, tukasimamisha bomba, tukaliacha zege siku mbili likauke, tukakata tawi moja la mkorosho baada ya majadiliano marefu kuliko kazi yenyewe. Picha ilipotoka alikaa kimya. Kisha akauliza:

"Na hii nalipia wapi?"

"Hulipi, baba."

"Hulipi mwezi huu, au hulipi kabisa?"

"Kabisa."

Akacheka, akaniambia watu wa mjini tuna utani. Akaanza kupita chaneli. Habari za Doha kwa Kiingereza. Mahubiri kwa Kiingereza. Kihindi. Kiarabu. Mtu anapika samaki kwa lugha ambayo hatukuijua. Alipita zote kwa heshima, kama mtu aliyealikwa kwenye harusi asiyomjua bwana harusi wala bibi harusi. Mwisho akasema, "Ya kwetu iko wapi?" Tuliipata moja, ya Kiswahili, safi kabisa, na siku hiyo tukala wali tukiangalia taarifa ya habari ya saa mbili. Wiki chache baadaye akanipigia simu: imepotea. Masafa yalikuwa yamebadilishwa, hakuna aliyetangaza, na mzee wa miaka sabini na kitu, peke yake na remoti, hawezi kuanza kusaka masafa mapya. Nilifunga safari kutoka Kibaha kwenda kubonyeza vitufe vinne.

Hapo ndipo penye hoja yangu yote. Siyo kwamba chaneli zetu hazijawahi kuwa wazi angani. Zimekuwepo, zipo. Hazina makazi. Moja iko setilaiti hii, nyingine ile, moja wazi leo, kesho imefungwa, kesho kutwa imehama. Mtu kama mimi mwenye madishi manne na muda wa Jumamosi anaweza kuzifukuzia. Kwa hiyo ninyi mnaocheka madishi yangu elewa mnacheka nini: ninafanya kwa gharama yangu, uani, kazi ya kukusanya ambayo ilitakiwa ifanywe mara moja, mahali pamoja, kwa ajili ya nchi nzima.

"Lakini intaneti..." Haya, tuje kwenye intaneti. Aprili 2021 bei mpya za bando zilipoanza, kelele zilikuwa kubwa mpaka serikali ikazisitisha, na wengi waliopiga kelele walikuwa watu wa mjini wenye mishahara. Video inakula bando kama moto wa nyika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na nchi nzima ikabaki inazungusha kile kiduara cha kusubiri. Wiki moja tu kabla yake Kimbunga Hidaya kilikuwa kimepiga pwani yetu. Hebu panga matukio hayo mawili siku moja badala ya wiki moja, halafu uniambie mtu wa kijijini Pwani angesikia vipi onyo la Mamlaka ya Hali ya Hewa. Siku za Hidaya nililifunga lile dishi kubwa kwa kamba kwenye nguzo. Dogo la bendi ya Ku liliganda kila mvua ilipochanganya, ndivyo bendi hiyo ilivyo, matone mazito yanaimeza. Bendi ya C iliendelea. Na mwishoni mwa Oktoba 2025, siku ya uchaguzi na siku zilizofuata, intaneti ilizimwa nchi nzima. Sitaeleza mengi, kila aliyekuwepo anakumbuka simu yake ilivyogeuka tochi. Dishi la futi sita halikujua kama kuna kitu kimezimwa.

Kitu hiki kimefanywa na wengine, na si matajiri tu. India, Desemba 2004, shirika lao la utangazaji la umma lilianzisha huduma ya dishi isiyo na ada ya mwezi. Leo inaitwa DD Free Dish na iko kwenye makumi ya mamilioni ya kaya. Uingereza, BBC na ITV ya kwao walianzisha Freesat mwaka 2008. Afrika Kusini wana Openview tangu Oktoba 2013: unanunua kisimbuzi mara moja, mwezi hauna bili. Na jirani hapa, Ethiopia. Chaneli zao zilikuwa zimetapakaa kwenye setilaiti za Waarabu, mtazamaji anapita mamia ya chaneli za wengine kutafuta ya kwake, kama baba mdogo. Kati ya 2019 na 2020 vituo vyao vilikaa pamoja vikahamia sehemu moja, setilaiti ya NSS-12, digrii 57 mashariki, wakaiita Ethiosat. Dishi moja, mwelekeo mmoja, unajua nyumbani ni wapi.

Najua nitakachojibiwa. Ni ghali. Transponda moja ya megahezi 36, kwa DVB-S2 na picha zilizobanwa kwa MPEG-4, inabeba chaneli kama ishirini za ubora wa kawaida. Chaneli zetu za bure zenye uzito hazifiki hapo. Ishirini wakigawana kodi ya nyumba moja, kuna nini hapo cha kushindwa, hasa ukikumbuka kwamba vingi vya vituo hivyo tayari vinalipia kurusha kwa setilaiti kila kimoja kivyake? Tunao pia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya 2006 kwa ajili ya kupeleka mawasiliano mahali ambapo biashara peke yake haitafika. Umesaidia kujenga minara ya simu vijijini na ninausifu. Mnara mmoja unahudumia kata. Transponda moja inahudumia kuanzia Mafizi mpaka Kasulu, na Visiwani juu.

Jibu la pili huwa ni haki za matangazo. Kituo kikinunua filamu au mechi kwa ajili ya Tanzania pekee, hakiwezi kuirusha wazi mpaka Msumbiji. Hoja hiyo ni ya kweli, nami naiheshimu, lakini ina dawa. Kufunga kwa kufuli na kutoza ada ni vitu viwili. Afrika Kusini wanafunga, kisha ufunguo wanautoa bure ndani ya kisimbuzi. Na taarifa ya habari ya saa mbili haina haki za mtu wa Hollywood ndani yake. Hali ya hewa haina. Hotuba ya bajeti haina. Bunge halina. Hivyo viachwe wazi kabisa, hata mtu wa Msumbiji akivipata si hasara, atajifunza Kiswahili.

La tatu halisemwi hadharani ila nimelisikia: kwamba ada ya mwezi ndiyo inayowafanya watu wathamini huduma. Kwa hili sina uvumilivu. Baba mdogo alikata tawi la mkorosho unaozaa ili aone habari. Nani huko ofisini amewahi kutoa hata nusu ya hiyo kwa ajili ya televisheni?

Na kwa wenzangu wa chumba cha habari, neno moja la ndani ya nyumba. Tunaandika, tunahariri, tunabishana juu ya kichwa cha habari, halafu tunapima kazi yetu kwa watu waliobonyeza kwenye simu. Yule ambaye hana bando hahesabiki, kwa hiyo hayupo. Tumeanza kuandika kwa ajili ya anayehesabika. Angalia habari za korosho tunavyoziandika: bei ya mnada, kauli ya waziri, basi. Mwenye mkorosho hatumwandikii kwa sababu tunajua hatatusoma, naye hatusomi kwa sababu hatumwandikii. Mimi mwenyewe wa Kibaha, kilomita arobaini na kitu kutoka katikati ya Dar, nikitoka kazini jioni naingia kwenye nchi ambayo magazeti yetu yanaizungumzia kana kwamba iko ng'ambo.

Kwa hiyo sitashusha madishi. Masika yakiisha nina nati za kukaza na mfuniko wa LNB wa kubadilisha, na lile la futi nane linahitaji rangi. Siku TBC na wenzao watakapokaa mezani na kutangaza kitu kimoja cha kueleweka, setilaiti ipi, masafa yapi, wima au mlalo, simboli reti ngapi, na kwamba havitahama bila taarifa, nitafunga la tano Jumamosi hiyohiyo, na jingine nitalipeleka Masaki. Bomba ninalo tayari, limelala nyuma ya banda la kuku.